Chuchu Inapokauka na Kuwasha: Yanayotibika Nyumbani na Yasiyopaswa Kufichwa

Huenda baadhi yenu mtashangaa kukuta kichwa cha habari cha namna hii katika ukurasa uliozoea kuwaletea ratiba ya Kipaimara, matangazo ya hija na tafakari ya Dominika. Sisi wenyewe tulisita kabla ya kuandika. Mila zetu zinatufundisha kutotaja baadhi ya viungo vya mwili mbele za watu, na padre ndiye mtu wa mwisho anayetazamiwa kufanya hivyo. Lakini akina mama wa WAWATA wa parokia mojawapo walituomba tuliandike jambo hili waziwazi, kwa lugha ambayo mama anaweza kumsomea binti yake, na mume akamsomea mkewe. Ombi lao lilikuwa na sababu nzito.

Miaka michache iliyopita tuliitwa kumpelekea mama mmoja Mpako wa Wagonjwa. Kwa zaidi ya mwaka mzima chuchu ya titi lake la kushoto ilikuwa ikimwasha, ikibanduka magamba na kuacha doa la majimaji kwenye nguo. Hakumwambia mumewe, wala dada zake, wala akina mama wenzake wa jumuiya ndogo ndogo. Alinunua krimu dukani, muwasho ukatulia, kisha ukarudi, akanunua nyingine. Aliyemuuzia hakumwuliza muwasho uko wapi, naye hakusema. Siku alipofika hospitali ya rufaa, saratani ilikuwa imekwisha kuvuka titi na kuenea kwenye mapafu. Alituambia kwa sauti ndogo kwamba aliona aibu kuonyesha sehemu hiyo kwa daktari mwanamume. Tumezika watu wengi katika utume wetu, lakini maneno yale machache bado tunayo.

Staha ni fadhila, nasi hatuna nia ya kuibeza. Ila staha haikuwekwa ili imnyime mtu tiba. Injili ya Luka inamtaja bila kificho mwanamke yule aliyepaza sauti katikati ya umati na kuyasifu matiti yaliyomnyonyesha Bwana. Hayati Papa Fransisko, katika sherehe ya Ubatizo wa Bwana, alikuwa akiwaambia akina mama waliokusanyika katika Kikanisa cha Sistina wawanyonyeshe watoto wao wenye njaa papo hapo, bila kuona aibu. Na tarehe 5 Februari kila mwaka tunamkumbuka Mtakatifu Agata, bikira na shahidi wa Catania, ambaye mapokeo yanasimulia kwamba alikatwa matiti na watesi wake, na ambaye wagonjwa wa saratani ya matiti humwomba awaombee. Kanisa halijawahi kuona haya kuutaja mwili. Basi nasi tuutaje.

Tuanze na lile linalotia moyo. Kwa watu walio wengi, chuchu inayokauka na kuwasha haina saratani. Ina ukavu wa kawaida, au mzio, au ukurutu, au fangasi, au imechubuliwa na mtoto ambaye hajawekwa vizuri kwenye titi. Mambo hayo yote yana tiba, na mengine hayahitaji hata dawa. Tuliyoyaandika hapa tumeyajadili kwa kirefu na sista mmoja muuguzi ambaye ametumikia wodi ya wazazi kwa miaka mingi. Pale alipotusahihisha, tumesahihishika.

Ngozi ya chuchu na ya lile duara jeusi linaloizunguka haifanani na ngozi ya mkono au ya mguu. Ni nyembamba, ina mishipa mingi ya fahamu, na hujikunja na kujikunjua mara kwa mara. Ndani ya lile duara kuna vinundu vidogo ambavyo akina mama wengi huviona vikikua wakati wa ujauzito, wakadhani ni chunusi. Hizo ni tezi. Madaktari huziita tezi za Montgomery, kwa jina la tabibu William Montgomery wa Ireland aliyezieleza mwaka 1837. Kazi yake ni kutoa mafuta mepesi yanayoilainisha ngozi ya chuchu na kuilinda. Anayezikamua kama chunusi anajiletea vidonda. Na anayeyasugua mafuta hayo kwa sabuni kila asubuhi na kila jioni anaivua ngozi vazi lake, kisha anashangaa kwa nini inapasuka.

Ndiyo maana sista wetu, alipoulizwa sababu ya kwanza ya ukavu huu, hakutaja ugonjwa wowote. Alitaja sabuni. Wapo wanaooga kwa sabuni ya kufulia kwa kuwa ndiyo iliyopo nyumbani. Wapo wanaopenda sabuni kali za dawa wakiamini kwamba harufu ya hospitali ndiyo usafi. Wapo wanaojipulizia manukato kifuani, au wanaojisugua kwa dodoki gumu hadi ngozi ilie. Hapa kwetu nyanda za juu, miezi ya Juni na Julai, kipupwe kinapovuma na hewa kuwa kavu, mtu huoga maji ya moto sana na kukaa humo muda mrefu kwa sababu ya baridi. Maji ya moto nayo huyeyusha mafuta ya ngozi. Wenzetu wa pwani wana shida iliyo kinyume: joto, jasho na nguo iliyolowa inayosugua kutwa nzima.

Tiba ya ukavu wa namna hii ni nyepesi kiasi kwamba wengine huidharau. Chuchu isafishwe kwa maji ya uvuguvugu tu, haihitaji sabuni. Ikaushwe kwa kugusagusa na kitambaa laini, isisuguliwe. Mara baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu kidogo, ipakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato, au mafuta safi ya nazi kwa yule ambaye hayamdhuru. Kupaka mafuta saa mbili baada ya kuoga si sawa na kupaka papo hapo, kwa maana mafuta hayaongezi maji katika ngozi. Yanayafungia yale yaliyomo. Mtu akifanya hivyo kwa wiki mbili, na akaacha kujikuna, ukavu wa kawaida huondoka.

Nguo pia zichunguzwe. Sidiria ya nailoni yenye mapambo ya kukwaruza, au ile inayobana, hukwangua ngozi siku nzima bila mvaaji kutambua. Sidiria ya mtumba ifuliwe vizuri kabla ya kuvaliwa, na nguo zote za ndani zisuuzwe mara mbili, maana sabuni ya unga inayobaki katika nyuzi huendelea kuichoma ngozi hata nguo ikishakauka. Nguo ya pamba ndiyo rafiki. Wanaume wanaosoma na kudhani habari hii haiwahusu tuwakumbushe yaliyotupata seminarini: tulipokuwa tukikimbia kilomita nyingi alfajiri na fulana mpya ngumu, walikuwepo waliorudi na madoa mawili ya damu kifuani, nasi tukawacheka. Yalikuwa ni michubuko ya chuchu tu, na mafuta ya mgando kidogo kabla ya kukimbia yangetosha kuizuia.

Ujauzito huongeza muwasho kwa sababu matiti hukua na ngozi huvutika. Baada ya kukoma hedhi, ngozi huwa nyembamba na kavu zaidi. Hayo ni mapito ya mwili.

Ukurutu unahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndio unaowasumbua wengi na ndio unaoweza kufichia ugonjwa mwingine. Wengi huuita pumu ya ngozi, na jina hilo lina hekima ndani yake: mara nyingi mwenye ukurutu ana pumu ya kifua, au mafua ya mzio, au ana ndugu wa damu mwenye mojawapo ya hayo. Ukurutu wa chuchu huwasha sana, hasa jioni mwili unapopata joto. Ngozi hukakamaa, hubanduka magamba membamba, na ikikunwa hutoa majimaji. Kwa kawaida hushika matiti yote mawili, na mara nyingi mwenye nao huwa na mabaka mengine kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti au shingoni. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya husema ngozi huwa nyekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tunachoona ni weusi uliozidi, au rangi ya kijivu, au zambarau iliyofifia. Mama asisubiri wekundu ndipo aamini kwamba anaumwa.

Msingi wa kutibu ukurutu ni yale yale ya ukavu: kuacha kinachochokoza ngozi na kuipaka mafuta mara nyingi. Ukiwa mkali, daktari anaweza kuandika krimu ya steroidi isiyo kali kwa siku chache. Hapa tunaomba tusikilizwe. Katika maduka yetu zimejaa krimu zilizochanganya steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria katika tyubu moja. Watu huzipenda kwa sababu hutuliza karibu kila kitu ndani ya siku tatu. Lakini steroidi kali ikipakwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Na ikipakwa juu ya fangasi hutuliza muwasho huku fangasi wakiendelea kustawi. Mbaya zaidi, inaweza kulituliza kwa muda jeraha la saratani na kumpa mgonjwa faraja ya uongo. Zile krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku nchini lakini bado zinauzwa kwa siri, zisikaribie kabisa titi la mama, hasa anayenyonyesha.

Kuna pia upele ule unaoletwa na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao kwa wanawake hupenda kukaa kwenye chuchu. Dalili yake ni muwasho unaozidi usiku, vipele katikati ya vidole, kiunoni na makwapani, na zaidi ya yote kwamba watu kadhaa nyumbani wanajikuna. Hutibiwa nyumba nzima kwa siku moja, na matandiko na nguo kufuliwa. Kumtibu mmoja ni kupoteza dawa.

Sasa tuje kwa mama anayenyonyesha, ambaye mateso yake mara nyingi hupuuzwa kwa maneno kwamba utazoea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Mama wa kwanza anaweza kuanza kwa nia njema, lakini siku ya nne chuchu zikapasuka, na siku ya kumi akaanza kumpa mtoto uji au maziwa ya ng'ombe kwa sababu hawezi tena kustahimili maumivu. Mtoto akidhoofika, maneno huanza. Tumewahi kuketi katika baraza la familia ambamo mama kijana alituhumiwa kwamba amembemenda mtoto, yaani amekosa uaminifu na ndiyo maana mtoto anakataa titi na kukonda. Alikuwa analia, na mumewe ameinamisha kichwa. Sista aliyekuwa pamoja nasi aliomba kumwona mama faraghani. Alirudi baada ya dakika chache na kusema kwamba chuchu zote mbili zimepasuka, na mdomo wa mtoto umejaa utando mweupe. Kosa la mama lilikuwa kwamba hakuna mtu aliyemfundisha kumpakata mtoto.

Mtoto hapaswi kunyonya chuchu. Anapaswa kunyonya titi. Akishika ncha tupu ya chuchu, ataibana kati ya ulimi na kaakaa kila anapovuta, na ngozi itachubuka ndani ya siku mbili. Mama amkalishe au amlaze mtoto tumbo lake likigusana na tumbo lake mwenyewe, kichwa na mwili vikiwa katika mstari mmoja, pua ikielekea chuchu. Angoje mdomo ufunguke wazi kama mtoto anayepiga miayo, kisha amlete mtoto kwenye titi, wala asiinamishe titi kwa mtoto. Akishika vema, kidevu kitagusa titi, mdomo wa chini utakuwa umebinuka kwa nje, na lile duara jeusi litaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Maumivu yakiendelea baada ya zile sekunde za mwanzo, mama aingize kidole kisafi pembeni mwa mdomo wa mtoto, amwondoe taratibu, aanze upya. Kumchomoa kwa nguvu ndiko kunakochana ngozi.

Baada ya kunyonyesha, mama akamue matone machache ya maziwa yake mwenyewe, ayapake juu ya chuchu na kuyaacha yakauke kwa hewa. Ni dawa isiyo na bei. Mwenye uwezo anaweza kutumia lanolini safi, mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo, ambayo hayahitaji kufutwa kabla ya kunyonyesha. Vitambaa vya kuzuia maziwa vibadilishwe vikilowa. Ndimu, chumvi, spiriti na dawa ya meno visipakwe. Na ule ushauri wa zamani wa kusugua chuchu kwa kitambaa kigumu wakati wa ujauzito ili zikomae, tuuache upumzike. Hauzuii michubuko, unaianzisha.

Ule utando mweupe tulioutaja ni fangasi aitwaye Kandida, ambaye huweza kuishi mdomoni mwa mtoto na kwenye chuchu za mama kwa wakati mmoja. Hutokea mara nyingi baada ya mama au mtoto kutumia dawa za kuua bakteria. Mabaki ya maziwa kwenye ulimi hufutika kwa urahisi. Utando wa fangasi hung'ang'ania, na ukikwanguliwa huacha kidonda. Kwa mama, chuchu huwasha na kuungua, ngozi huwa nyororo inayong'aa au yenye magamba madogo, na maumivu huendelea hata baada ya mtoto kumaliza kunyonya. Mtoto hupewa matone ya nistatini mdomoni na mama hupakwa krimu ya fangasi, wote wawili kwa siku zile zile, hata kama mmoja wao haonyeshi dalili. Wasipofanya hivyo wataambukizana huku na huku kama watu wanaorushiana mpira. Ile dawa ya maji ya zambarau ambayo bibi zetu waliipenda isipakwe mdomoni mwa mtoto kwa kukisia, kwani ikiwa kali huleta vidonda. Tuongeze jambo moja ambalo sista alilisisitiza: si kila maumivu ya chuchu ni fangasi. Wengi wanaopewa dawa ya fangasi walihitaji tu kurekebishiwa namna ya kumweka mtoto, hivyo mama aombe muuguzi amtazame akinyonyesha kabla ya kuandikiwa chochote.

Titi likivimba, likawa la moto na gumu upande mmoja, na mama akapata homa na kutetemeka, huo si muwasho tena bali ni uvimbe wa titi, na anapaswa kufika kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asiache kulitoa maziwa titi hilo, kwa kunyonyesha au kukamua.

Kwa mama anayeishi na VVU, chuchu iliyopasuka na kutoa damu ni jambo la dharura. Dawa za kufubaza virusi zikitumiwa kila siku bila kukosa hupunguza sana uwezekano wa kumwambukiza mtoto, na ndiyo maana akina mama hawa wanashauriwa kunyonyesha. Lakini kidonda hufungua mlango. Amnyonyeshe kwa titi zima, alikamue lile lenye kidonda na kumwaga maziwa yake hadi lipone, asiruke hata dozi moja, na awahi kliniki. Tunalitaja hili kwa sababu tunajua wapo waamini wanaoificha hali yao hata kwa mkunga. Mkunga anafungwa na siri ya kazi yake; msimfiche.

Tumefika sasa kwenye ugonjwa uliomchukua mama tuliyemtaja mwanzoni. Mwaka 1874, James Paget, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo jijini London, aliandika juu ya wagonjwa wapatao 15, wote wanawake, waliomjia wakiwa na kitu kilichofanana na ukurutu kwenye chuchu. Wote, katika muda usiozidi miaka miwili, walipata saratani ya titi. Ugonjwa huo tangu hapo unabeba jina lake. Ni nadra: katika saratani zote za matiti, chini ya asilimia 5 huanza kwa sura hiyo. Ila unadanganya. Unafanana na ukurutu kiasi kwamba hata mtaalamu mwenye uzoefu hawezi kuutofautisha kwa macho tu.

Zipo hata hivyo dalili za kuleta mashaka. Ukurutu hupenda pande mbili. Ugonjwa wa Paget karibu sikuzote huwa upande mmoja. Ukurutu mara nyingi huanzia kwenye duara na unaweza kuiacha chuchu yenyewe; Paget huanzia kwenye chuchu na kutambaa kuelekea kwenye duara. Ukurutu huja na kuondoka. Huu hukaa, ukitulizwa na krimu hurudi, na mwezi baada ya mwezi huongezeka. Chuchu huweza kulainika na kubonyea, kuzama ndani ilhali zamani ilikuwa nje, kutoa majimaji au damu, au kuwa na kidonda chenye gamba kisichofunga. Karibu nusu ya wagonjwa huwa na uvimbe unaoshikika ndani ya titi. Nusu nyingine hawana, kwa hiyo kutokuwepo kwa uvimbe kusimtulize mtu. Huwapata zaidi wanawake waliovuka miaka 50, lakini wadogo wao pia, na mara chache wanaume. Mwanamume anayeona mabadiliko hayo kifuani mwake asijiambie kwamba haya ni ya wanawake.

Kwa hiyo tunaliweka wazi: muwasho au kidonda cha chuchu upande mmoja, kisichopona baada ya wiki mbili au tatu za matunzo mema, kinahitaji kupimwa kwa kukatwa kinyama kidogo na kupelekwa maabara. Krimu ya tatu haihitajiki. Kipimo hicho hufanyika kwa sindano ya ganzi, huchukua dakika chache, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Imani iliyoenea kwamba saratani ikiguswa na kisu inatawanyika imewapeleka wengi kwa waganga wa kienyeji na kuwarudisha wakiwa wamechelewa. Picha za mamografia na ultrasaundi husaidia kuona kilicho ndani, ila katika ugonjwa huu picha inaweza kuonekana safi wakati ugonjwa upo, na ndiyo sababu kinyama ndicho kinachotoa jibu. Ukigunduliwa ungali ndani ya mirija ya maziwa, hutibika vizuri kwa upasuaji, pamoja na mionzi au dawa kadiri daktari atakavyoona.

Safari ya kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na kutoka hapo rufaa. Wanaoelekea Kanda ya Ziwa wanayo Bugando jijini Mwanza, hospitali inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania kwa ushirikiano na Serikali. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Moshi ipo KCMC, ambako pia kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda yetu, kilichoanza mwaka 1992, na matabibu waliosomea pale wametawanyika katika mikoa mingi. Mgonjwa aulize kama katika mkoa wake yupo tabibu wa ngozi. Mara nyingi yupo, na watu hawajui.

Tunafahamu kinachokwamisha. Ni nauli, ni shamba linalongoja palizi, na wakati mwingine ni mume anayesema kwamba mke wake hatashikwa kifua na mwanamume mwingine. Kwa akina baba tunasema kama ndugu: msindikize mkeo, ingia naye katika chumba cha daktari. Mwanamke anayo haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo wakati anapimwa, au kupimwa na daktari wa kike akiwepo, na ombi hilo halimkwazi mhudumu yeyote mwadilifu. Kwa nauli, viongozi wa jumuiya wanajua njia ya kumfikia paroko na Caritas. Hakuna haja ya kueleza ugonjwa wenyewe, inatosha kusema kwamba kuna mgonjwa mwenye rufaa.

Anayekwenda hospitali aandike kwenye karatasi, kabla hajaondoka nyumbani, mambo ambayo mtu husahau akiwa mbele ya daktari: muwasho ulianza mwezi gani, titi lipi, ulianzia kwenye chuchu au kwenye duara, kama kuna majimaji na ya rangi gani, kama ananyonyesha au ana ujauzito, na kama mama yake, dada yake au shangazi yake aliwahi kuugua titi. Kisha achukue mfuko, atie ndani yake krimu zote alizokwisha kupaka, hata ile iliyokwisha, hata ile isiyo na karatasi aliyopewa na jirani, na azipeleke zote.